Nyota zinazolipuka kwa mng'ao wa ajabu zawatatiza wanafalaki

Mnamo Septemba 18, 2006, mwanafalaki Robert Quimby aligundua, kwa darubini iliyoko Texas, Marekani, nyota iliyokuwa ikilipuka katika galaksi ya NGC 1260, umbali wa miaka-nuru milioni 240 hivi. Milipuko ya aina hiyo huitwa supanova, na kwa kawaida hufikia kilele cha mng'ao wake baada ya wiki chache tu. Huu, uliopewa jina SN 2006gy, ulizidi kung'aa kwa takriban siku 70, ukawa mara kumi hivi ya supanova za aina ya Ia, ambazo zenyewe zasifika kwa mwanga mkali.

Ugumu ulikuwa katika kuupangia daraja. Tangu Rudolph Minkowski azigawe supanova katika makundi mawili mwaka 1941, kigezo kikuu kimekuwa haidrojeni. Mwanga hutawanywa katika rangi zake, mithili ya upinde wa mvua. Alama za gesi hiyo zikikosekana, supanova huwa ya aina ya I. Zikionekana, ni ya aina ya II. Baadaye ilibainika kwamba Ia hulipuka kutokana na nyota kibete nyeupe, ambayo ni masalio ya nyota iliyokwisha fuko lake la nishati. Nyingi za aina nyinginezo hutokana na kuporomoka kwa kiini cha nyota kubwa.

SN 2006gy ilikuwa na haidrojeni, hivyo ikatiwa katika aina ya II. Mwaka 2007 baadhi ya wataalamu walidai kuwa ilikuwa nyota yenye uzito unaozidi wa jua mara 100. Lakini mnamo 2020, Anders Jerkstrand na wenzake walichunguza upya mwanga ulionaswa zaidi ya mwaka mmoja baada ya mlipuko, wakakuta alama za chuma kingi. Maelezo yao ni kwamba nyota kibete ililipuka kama Ia na kuligonga ganda la haidrojeni lililoizunguka. Kumbe gesi iliyoamua daraja lake ilikuwa vazi tu!

Si kisa cha pekee. ASASSN-15lh, iliyoonekana mwaka 2015, ilitangazwa kuwa supanova yenye mng'ao kuliko zote; kabla ya 2016 kwisha, watafiti wengine walisema ni nyota iliyoraruliwa na shimo jeusi. Hata mpaka wa mng'ao uliopendekezwa na Avishay Gal-Yam mwaka 2012 ili kuitenga milipuko mikali umefifia, kwani mingine imepatikana katikati.

Suala hili si la majina matupu. Supanova za Ia ndizo kipimo cha umbali kilichodhihirisha kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayoongezeka, ugunduzi uliotuzwa Nobel mwaka 2011. Darubini mpya ya Vera Rubin nchini Chile inatarajiwa kunasa supanova nyingi mno, na nyingi kati ya hizo hazitapata nafasi ya kuchunguzwa rangi moja moja.