Mwizi akikamatwa usiku: usalama wa kartie na kazi ya kanisa, mfano wa Lac Vert



Katika makanisa yetu ya Goma na vijiji vya jirani, kuna swali linalorudi kila mara: mwizi akikamatwa usiku, Mkristo afanye nini? Nyuma yake kuna mengine. Polisi wana haki gani juu yetu? Maibobo aliyeiba simu apelekwe wapi? Nani atanyamazisha nganda inayopiga muziki mpaka asubuhi? Tumekusanya hapa mambo ambayo wachungaji, mashemasi, wamama na vijana wanapaswa kujua. Tunaangalia kartie Lac Vert, lakini mambo haya yanafaa pia Ndosho, Mugunga, Sake na mahali pengine.

Lac Vert ni kartie ya namna gani

Goma ina komine mbili, Goma na Karisimbi, zenye kartie 18. Lac Vert iko katika komine ya Goma, upande wa magharibi, kwenye njia ya kwenda Sake. Jina lake limetoka kwenye ziwa dogo la maji ya kijani lililo katika shimo la volkano ya zamani, karibu na Ziwa Kivu.

Wakati wa vita, kartie hii ilipokea wakimbizi wengi wa ndani, na kambi zikajengwa juu ya mawe ya volkano. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za Lac Vert na Mugunga, watu wengi wakafa, hasa wamama na watoto. Mwisho wa Januari 2025 AFC/M23 waliingia Goma, wafungwa wa gereza la Muzenze wakatoroka, na mwezi wa pili kambi zikabomolewa.

Tunayakumbusha haya kwa sababu moja. Mahali ambapo watu wanahama kila mwaka, jirani hamjui jirani. Na mahali ambapo watu hawajuani, mgeni yeyote anaweza kuitwa mwizi.

Sheria inasema nini

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 182, inawapa polisi kazi ya kulinda watu na mali zao. Kifungu cha 183 kinasema polisi si wa chama chochote, na hakuna mtu mwenye haki ya kuwatumia kwa faida yake. Kifungu cha 17 kinasema mtu aliyeshtakiwa anahesabiwa kuwa hana kosa mpaka tribinali imhukumu. Kifungu cha 18 kinakataza kumweka mtu kasho zaidi ya saa 48: muda huo ukipita, aachiliwe au apelekwe mbele ya wakuu wa sheria.

Sheria ya polisi ya tarehe 11 Agosti 2011 ilitaka polisi wawe karibu na raia. Ndipo mwaka 2013 serikali ikaanzisha mabaraza ya usalama wa karibu, ambamo wakuu wa eneo na polisi wanapaswa kusikiliza matatizo ya wakaaji na kupanga pamoja.

Sare zinaweza kubadilika, na wakuu vilevile. Lakini maswali ya kuuliza hayabadiliki: aliyemkamata ni nani, kwa kosa gani, amewekwa wapi, tangu saa ngapi?

Operesheni kubwa na faida yake

Mwaka 2024, wakati watu walikuwa wanauawa kwa risasi usiku hata ndani ya nyumba zao, ofisi ya meya ilianzisha operesheni iliyoitwa Safisha Muji wa Goma. Washukiwa walikamatwa wakaonyeshwa mbele ya watu. Wengine walikuwa raia, wengine watu wenye kubeba silaha.

Wakaaji wengi walifurahi, na tunaelewa furaha yao. Lakini mtu aliyeonyeshwa mbele ya kamera hajahukumiwa bado. Tena operesheni inapita kama mvua: inasafisha barabara kwa siku chache, kisha matope yanarudi. Kinachobaki kartieni ni watu wanaojuana.

Filimbi, sufuria na nyumba kumi

Wakaaji wa kartie za pembeni za Goma wana njia yao. Wezi wakiingia, watu wanapiga filimbi na sufuria, avenyu nzima inaamka. Nehemia alifanya jambo la namna hiyo Yerusalemu: kila jamaa ilijenga mbele ya nyumba yake, na tarumbeta ikilia wote walikimbilia mahali palipo na hatari (Nehemia 3 na 4).

Njia nyingine ni nyumba kumi, iliyoanzia Tanzania wakati wa TANU. Kenya nayo iliichukua mwaka 2013, baada ya shambulio la Westgate. Shefu wa nyumba kumi akijua nani analala wapi na mgeni gani amefika, polisi wana mahali pa kuanzia.

Lakini tuangalie pia sungusungu wa Usukuma na Unyamwezi, walioanza miaka ya 1980 kupigana na wezi wa ng'ombe. Walisaidia vijiji vingi, lakini mahali pengine walipiga na kuua watu bila hukumu. Filimbi ni ya kuamsha watu, si ya kuita tairi na petroli.

Mwizi akikamatwa

Hapa ndipo imani yetu inapimwa. Mwenye kuibiwa ana uchungu wa kweli. Mama aliyeuza makala mwezi mzima na kunyang'anywa pesa zote usiku mmoja hawezi kuambiwa anyamaze. Pia watu wanasema: tukimpeleka kasho, kesho tutamuona anatembea. Mara nyingine ni kweli.

Hata hivyo tunasema wazi: kumchoma au kumpiga mtu mpaka afe ni kuua. Kutoka 22:2-3 inatofautisha mwizi anayepigwa usiku wakati anavunja nyumba, na yule anayeuawa jua likiwa limekwisha kutoka. Damu ya huyu wa pili iko juu ya aliyemuua. Mtu aliyekwisha kufungwa kamba, ingawa ni saa nane za usiku, hawezi tena kukuumiza.

Kuna sababu nyingine, ya akili ya kawaida. Maiti haisemi nani aliyeipa bunduki. Mwizi akichomwa, aliyemtuma analala vizuri. Na sauti moja tu ya "mwizi!" inatosha kumaliza adui, mdeni au mgeni asiyejua luga ya avenyu.

Watoto na kelele

Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema mtoto ni kila mtu asiyefikisha miaka 18. Mambo yake yanapelekwa tribinali ya watoto, na mwenye chini ya miaka 14 hahesabiwi kuwa na kosa la jinai. Kwa hiyo maibobo asifungwe pamoja na wakubwa. Wengi wao walipoteza wazazi njiani wakati wa kukimbia vita. Kwanza tuulize jina la jamaa yao.

Kuhusu nganda, shefu wa avenyu aende na watu wawili au watatu mchana, wakati mwenye nganda hajalewa, wapatane saa ya kuzima muziki. Nasi tuzime vipaza sauti vya mkesha saa hiyohiyo. Mgonjwa anayekosa usingizi haulizi kama kelele ni ya nganda au ya kwaya.

Ushirika ufanye nini

1. Kila kanisa lichague watu watatu, mwanamke akiwemo, wanaojulikana na shefu wa kartie na polisi.
2. Filimbi ikilia, hao watatu wafike mapema, wasimame kati ya mshukiwa na watu wenye hasira, waseme: tumpeleke akiwa hai.
3. Waandike saa, mahali, na majina ya mashahidi wawili au watatu, kama Kumbukumbu la Torati 19:15 inavyotaka. Bila mashahidi, faili inakufa na mtu anaachiliwa.
4. Kesho yake waende kasho kuuliza faili iko wapi, na warudi kabla ya saa 48 kuisha. Wakiombwa pesa, waombe karatasi ya malipo.
5. Aliyeibiwa atembelewe wiki hiyohiyo, asaidiwe kuanza tena. Ushirika ukimsahau yeye, hatasikia neno letu juu ya mwizi.
6. Wageni wanaofika kartieni wapelekwe kwa shefu na kuonyeshwa kwa majirani. Jina linalojulikana linaokoa maisha.

Yeremia aliwaandikia watu waliohamishwa watafute amani ya mji waliopelekwa, maana amani yao ilikuwa ndani ya amani ya mji huo (Yeremia 29:7). Lac Vert imejaa watu wa namna hiyo. Bwana awape usiku wa utulivu, na filimbi ikilia, awape moyo wa kutoka nje bila jiwe mkononi.