Kabla Sijavuka Sirari

Fomu ilikuwa na maswali tisa. Manane niliyajibu ndani ya matatu, kutoka Rongai hadi mjini, msongamano wa asubuhi ukinipa muda wa kutosha. Jina, umri, aina ya damu, kama naogopa nyoka. La tisa ndilo lilinikwamisha: "Utaifundisha nini jamii inayoishi kando ya hifadhi?"

Mradi wenyewe uko wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara, upande wa pili wa mpaka. Miezi mitatu ya kujitolea: kutoa mitego ya waya porini, kuhesabu wanyama, kuzungumza na wanafunzi kuhusu uhifadhi. Nafasi hiyo nilikuwa nimeitafuta mwaka mzima. Kwa hivyo nikajikaza, nikaandika aya nne. Nitaielimisha jamii kuhusu umuhimu wa wanyamapori. Nitawahamasisha vijana waachane na ujangili. Aya tamu kweli. Nilipozisoma tena usiku, nikasikia sauti ninayoijua.

Nilipokuwa shule ya msingi, tulikuwa tunapata wageni kila Julai. Vijana wa Kizungu, fulana za rangi moja, kamera shingoni. Kila mwaka walipaka rangi ukuta uleule. Mwaka wa kwanza walichora twiga. Wa pili wakachora ramani ya Afrika juu ya twiga. Wa tatu wakapiga chapa za viganja vyao juu ya ramani. Miaka yote hiyo mitatu choo cha wasichana hakikuwa na mlango, na hakuna aliyetuuliza. Tuliimba, tukapigwa picha, wakalia wakituaga, halafu sisi tukarudi kushikiana leso pale chooni.

Sasa mimi ndiye nilikuwa nashika brashi.

Basi nikaiweka fomu kando, nikaanza kusoma. Nilitaka kujua jambo moja: kabla yangu, ni akina nani walitoka mbali wakaenda Serengeti, na waliona nini walipofika?

Wa kwanza niliyempata alitokea hapa hapa Nairobi. Mwaka 1913 mwindaji na mwandishi Mmarekani, Stewart Edward White, alifunga safari kuelekea kusini hadi akafika kwenye nyanda zilizojaa wanyama. Mwaka 1915 akatoa kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Nchi Iliyogunduliwa Upya. Nilicheka peke yangu. Kwani ilikuwa imempotea nani?

Lakini swali hilo si la mzaha. Nyanda alizoziona White zilikuwa na watu wachache kwa sababu. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulipita Afrika Mashariki ukaangamiza ng'ombe, na nyati na nyumbu pia. Ukafuatwa na ndui na njaa. Wamaasai wanaikumbuka miaka hiyo kwa jina Emutai, yaani maangamizi. Upande wa magharibi wa Serengeti, jamii kama Waikoma, Wanata, Waishenyi, Wangoreme na Waikizu zilitawanyika na kujikusanya upya. Kwao pori lile lilikuwa mahali pa kulima, pa kuwinda na pa kutambikia. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, katika kitabu chake Imagining Serengeti cha mwaka 2007, aliandika kumbukumbu za wazee wao: vilima na chemchemi kwa majina, pamoja na koo zilizokaa hapo. Ni kama mgeni aliyefika nyumbani kwa watu waliofiwa, akakuta kimya, akadhani nyumba haina mwenyewe.

Waingereza wakatangaza hifadhi, na mwaka 1951 ikawa hifadhi ya taifa. Wamaasai walikuwa bado wanaishi na kuchunga humo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 akaja Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, pamoja na mwanawe Michael. Ndege yao ndogo waliipaka milia ya pundamilia, wakaruka huku na huko wakihesabu wanyama. Walipata karibu 367,000. Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tumbusi ikaanguka, na Michael akafa akiwa na miaka 24. Kaburi lake liko kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Kitabu na filamu yao, ambavyo jina lake ni kama kusema Serengeti isife, vilitoka mwaka huohuo, na filamu ikapata Oscar mwaka 1960.

Simcheki Grzimek. Mtu aliyemzika mwanawe mahali hakuja kupiga picha na kuondoka. Lakini aliamini pia kwamba hifadhi ya kweli haifai kukaliwa na watu, hata wakiwa wenyeji. Hapo ndipo niliogopa. Mimi nilikuwa nadhani ukiwa na nia safi, mengine yatajipanga. Yeye alikuwa nayo, na bado aliweza kuwahesabu pundamilia akawaona watu kama tatizo.

Wakati ndege inazunguka juu, chini mambo yalikuwa yanaamuliwa. Aprili 1958 wazee 12 wa Kimaasai walitia alama kwenye makubaliano ya kuiacha Serengeti. Mwaka 1959 eneo la Ngorongoro likatengwa, wanyama na wafugaji wakae pamoja, na gavana akawaahidi Wamaasai kwamba masilahi ya watu na ya wanyama yakigongana huko, ya watu yatatangulia. Katikati ya miaka ya 1970 waliokuwa wanaishi ndani ya kreta waliondolewa, na kilimo kikapigwa marufuku mwaka 1975.

Ungependa kusema hayo ni ya kale. Juni 2022, huko Loliondo, serikali ilipoweka alama za mpaka kwenye kilomita za mraba 1,500, polisi na wakazi walipambana. Askari mmoja aliuawa, wakazi wakajeruhiwa, na wengine wakavuka mpaka wakaja Kenya kutibiwa. Mwezi huohuo familia kutoka Ngorongoro zilianza kuhamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema watu wanahama kwa hiari. Wamaasai wengi wanasema sivyo. Hiyo habari niliiona kwa simu wakati huo, nikaipita kwa kidole gumba.

Na sisi Wakenya tusijifanye hayatuhusu. Mikataba ya 1904 na 1911 ndiyo iliwatoa Wamaasai kwenye malisho yao ya Bonde la Ufa na Laikipia. Mstari wa mpaka tu ndio unatupa raha ya kuyaita mambo ya Tanzania.

Kilichonishangaza zaidi kinahusu nyumbu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni 1.3. Nini kilifanyika? Ng'ombe walichanjwa. Kampeni za chanjo zilizoanza miaka ya 1950 ziliukata ugonjwa wa sotoka kwa mifugo inayozunguka hifadhi, na ndama wa nyumbu wakaacha kufa nao. Mvua za miaka ya 1970 nazo zikasaidia kuotesha majani. Yaani wale nyumbu tunaoenda kuwatazama wakivuka Mto Mara, wengi wao wapo kwa sababu ng'ombe wa majirani walichomwa sindano. Sotoka ilitangazwa kumalizika duniani mwaka 2011. Katika hadithi ya uokoaji tuliyofundishwa, mfugaji ni tishio. Kwa hesabu za nyumbu, afya ya ng'ombe wake ilikuwa sehemu ya dawa.

Vitabu vilinifikisha hapo. Mengine niliyatafuta Gikomba, kwa mama mmoja wa Musoma anayeuza dagaa.

"Mama, habari. Naenda Serengeti mwezi ujao, nipe mawaidha."

Hakuinua macho kwenye kopo lake la kupimia. "Unaniambia nipe kama unanidai. Huko kwetu sema naomba. Na mtu mzima anaanza na shikamoo, sio hiyo sasa-sasa yenu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, uliza."

Nikamwuliza kuhusu mitego. Alifikiri kidogo. "Ule waya una mwenyewe," akasema. "Kuna anayeuza nyama mjini atajirike, na kuna anayetafuta mboga ya watoto. Ukitumwa kuutoa, utoe, sheria ni sheria. Lakini usimwite mtu jangili na hata jina lake hulijui. Na tembo akimaliza mahindi ya mtu usiku, asubuhi usiende kumwambia tembo ni mzuri."

Nilirudi nyumbani nikafanya mambo mawili. La kwanza ni la makaratasi. Mkenya anaweza kuingia Tanzania bila viza, na tunalichukulia hilo kama ruhusa ya kila kitu. Kumbe kufanya kazi, hata ya kujitolea bila malipo, kunahitaji kibali chake. Nikaomba mradi unionyeshe wanavyokishughulikia kabla sijanunua tiketi. Nikachanjwa pia homa ya manjano.

La pili lilikuwa gumu zaidi. Nikawaandikia watu wa mradi maswali yangu mimi. Nani aliomba mradi huu uanzishwe? Kazi mnayonipa, kuna kijana wa hapo angeifanya kwa mshahara? Mnaruhusu kupiga picha watoto? Aliyeshikwa na waya anafanyiwa nini, na familia yake inakula nini?

Walikaa siku nne kimya. Nikadhani nimeshajiharibia. Halafu jibu likaja, refu na la heshima. Mitego hutolewa na vijana wa vijijini walioajiriwa, na baadhi yao waliwahi kuwinda, kwa hivyo wanajua inapofichwa. Picha za watoto hapana. Kuhusu familia ya aliyeshikwa, waliniandikia tu kwamba hilo tutalizungumza nikifika. Na baada ya kunisoma, wameona masomo ya shuleni yafanywe na mwalimu wa pale, ambaye watoto wanamjua. Mimi nitakuwa ofisini nikiingiza takwimu kwenye kompyuta, kazi iliyorundikana kwa miezi.

Niliumia, lazima nikiri. Nilikuwa nimejiona nikisimama mbele ya darasa. Lakini Chuo cha Mweka, pale chini ya Kilimanjaro, kinafundisha Waafrika usimamizi wa wanyamapori tangu mwaka 1963. Wataalamu wapo. Wa kuwanakilia takwimu ndiye aliyepungua. Nikasema sawa.

Swali la tisa nimelijibu upya. Zile aya nne nimezifuta, nikaandika: "Kwa sasa sina la kuwafundisha. Naweza kunakili takwimu haraka na bila makosa. Ningeomba kujifunza majina ya vilima."

Basi linaondoka Jumapili usiku, litufikishe Isebania, tuvuke Sirari, kisha nitafute gari la Mugumu. Mkobani kuna buti, neti, daftari na kile cheti cha manjano. Kuna pia pakiti mbili za majani ya chai ambazo mama wa Gikomba amenipa nimpelekee dada yake, anayeishi Mugumu. Nilimwuliza nikimpata nimwambie nini.

"Mwamkie kwanza," akasema. "Halafu kaa, usubiri akuulize."