Nani Amechukua Bahati Yetu?

Huku Masisi na Walikale twawaona vijana wakicheza karata na dadu kwa fedha. Mmoja akishindwa mara tano mfululizo, hainuki, asema, "Sasa zamu yangu imefika." Akishindwa tena, huwatazama wenzake kwa shaka: ni nani aliyemloga? Mbona ni vigumu hivi kukubali ya kuwa hapana aliyemloga?

Jambo hili si la kwetu tu. Tarehe 18 Agosti 1913, katika nyumba ya kamari ya Monte Carlo, kijipira cha gurudumu kiliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Mabwana wenye elimu waliweka fedha zao juu ya nyekundu, wakidhani sasa ni lazima itokee, wakapoteza mali nyingi. Kumbe kijipira hakikumbuki kilikoangukia kwanza. Na hesabu za bahati zilikuwa zimeanza kujulikana tangu mwaka 1654, Blaise Pascal, Mkatoliki wa Ufaransa, alipoandikiana barua na Pierre de Fermat juu ya kugawa fedha za mchezo uliokatizwa.

Twaona ya kuwa chanzo ni akili yenyewe. Mungu ametupa akili itafutayo sababu. Mkulima akiona maharagwe yamenyauka, yafaa aulize kwa nini, asije akalala njaa. Lakini akili hiyo hiyo, ikiketi mbele ya dadu, huuliza swali lisilo na jibu, kisha hujitungia jibu.

Hapo ndipo penye hatari. Bei ya koltani ilipopanda sana mwaka 2000, wengi wa Masisi waliacha mashamba wakaingia mashimoni; mwaka 2001 bei ikaanguka. Baadaye watu wakakimbilia kasiteriti ya Bisie, katika Walikale. Shimo si dadu, maana jiwe lipo au halipo. Lakini asiyeona chini ya ardhi hubahatisha kama mchezaji. Wawili huchimba kwa jasho sawa, mmoja apata, mwingine akosa. Aliyekosa akimtafuta mchawi, hakosi kumpata. Naye mara nyingi ni mtu asiye na mtetezi.

Basi, tumkumbuke Yosefu Barsaba. Mitume walipopiga kura, ilimwangukia Mathiya, yeye akakosa. Wala hatusomi popote ya kuwa alimtafuta adui.