Kutoka Chuo hadi Chuo Kikuu: Watoto Walivyofundishwa Kusoma kati ya Unguja na Sharqiya

Wanachama wenzetu, neno tunalolitaja kila siku tukisema "tuko chuoni" limetoka mbali. Zamani chuo kilikuwa kitabu. Baadaye likawa jina la mahali mtoto anapofundishwa Kurani, na leo tunasema chuo kikuu. Tukilifuata neno hili nyuma tunafika kwenye mkeka, ubao na alifu, be, te. Tunafika pia Ibra, Sur na Nizwa, kwa sababu mtoto wa huku na mtoto wa Unguja walianza kusoma kwa njia moja.

Majahazi ya Sur yalishuka na kaskazi na kurudi na kusi, na jamaa wa Ibra na vijiji vya jirani walikuwa na ndugu zao Unguja. Kule Unguja mtoto alikaa chini mbele ya mwalimu, akatamka majina ya herufi, akazitia irabu, akaziunganisha, kisha akaingia juzuu ya Amma. Huku Oman ilikuwa hivyohivyo, msikitini au chini ya mti, na wako waliojifunza kuandika juu ya mfupa wa bega la ngamia. Aliyemaliza msahafu alisherehekewa. Huku watoto walizunguka mtaani wakiitikia "amin" katika tayamina. Kule alisemwa amehitimu, neno lenye asili ya Kiarabu tunalolitumia sasa kwa shahada.

Mafunzo hayo yalikuwa na nguvu na yalikuwa na mpaka. Mtoto wa Unguja aliweza kuisoma sura nzima kwa matamshi safi bila ya kujua maana yake. Hakuna aliyeona kasoro, maana lengo lilikuwa sala. Lakini herufi zikishaingia kichwani hazikai bure. Watu waliziandikia Kiswahili: barua za biashara, za posa, za madeni, za salamu.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Irabu za Kiarabu ni tatu, za Kiswahili ni tano. Kiarabu hakina p, wala ch, wala v, na katika maandishi mengi ya zamani m ya "mb" haikuandikwa. Kwa hiyo be, alifu na be nyingine zenye irabu ya a zingeweza kusomwa baba, papa, au hata pamba. Msomaji alichagua kwa kuielewa sentensi. Chuoni mtoto alisoma asichokielewa. Kwenye barua ya Kiswahili ilimpasa aelewe kwanza ndipo asome. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947) aliliona tatizo hili na akapendekeza alama za kulipunguza.

Herufi za Kilatini zilikuwa zimeshaanza kuenea. Edward Steere wa misheni ya Unguja alichapa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870. Shule za serikali zilifuata njia hiyo, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki, iliyosanifisha Kiswahili kwa kutegemea Kiunguja. Mtoto aliyekuwa ameshahitimu msahafu alipoingia shule alianza tena, sasa kwa a, e, i, o, u.

Yakaja mapinduzi ya Januari 1964, na jamaa wengi wenye asili ya Oman wakaondoka Unguja. Oman yenyewe, hadi mwaka 1970, ilikuwa na shule 3 tu za serikali, Maskati, Matrah na Salalah, zenye wanafunzi 900 na kidogo, wote wavulana. Baada ya Julai 1970 zilifunguliwa nyingine nyingi, za wasichana pia, baadhi yake kwenye mahema na chini ya miti, na walimu wakaletwa kutoka Misri, Jordan, Sudan na kwengineko.

Katika madarasa hayo waliingia watoto waliorudi na wazazi wao, wenye Kiswahili nyumbani. Herufi walizijua tangu chuoni. Mtoto wa namna hiyo aliweza kuusoma ukurasa wa kitabu cha Kiarabu bila ya kukwama, na mwalimu akimuuliza umesoma nini, akanyamaza. Mwalimu asiyejua alikotoka mtoto angeweza kudhani ni mzito, kumbe alichopungukiwa ni lugha.

Sisi ni wajukuu wa watoto hao, na hali imepinduka. Wengi wetu tunasoma Kiarabu vizuri na Kiswahili tunakisikia kwa bibi tu, kwani shuleni hakifundishwi. Wenzetu wa Unguja wanacho Kiswahili, lakini wengi wao wamekizoea kwa herufi za Kilatini. Barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ikitoka kwenye sanduku la babu, huku tunaweza kuitamka tusiielewe, na kule wangeielewa lau wangeweza kuitamka.

Basi barua hiyo inahitaji watu wawili. Kila mwanachama aliye na bibi au babu anayekumbuka Kiswahili akae naye: sisi tuzitamke herufi polepole, yeye atuambie kama hapo ni baba, papa au pamba. Tuandike pembeni anachosema. Wanaoweza kutufanyia kazi hiyo ni wazee, na barua hazitawangoja.