Kabla ya YouTube: Vile TV ilianza kurekodiwa, hadi flashi ya Otonglo

Kitambo kitu ikipita kwa TV, imepita. Stesheni zilikuwa zinaelekeza kamera ya filamu kwa skrini na kupiga picha ya picha, na ilikuwa inatoka vibaya. Ndio 1956 kampuni ya Ampex ya California ikatoa mashine ya kurekodi kwa kanda ya sumaku. Ilikuwa kubwa kama kabati na bei ilicheza karibu dola 50,000, so ni stesheni pekee zingeweza kuiguza. Kanda zenyewe zilikuwa ghali hadi vipindi vinafutwa ndio zitumike tena. BBC ilifuta hata Doctor Who, na kuna episodi hazijawahi kupatikana hadi wa leo.

Nyumbani, Sony ilileta Betamax 1975, JVC ikajibu na VHS mwaka uliofuata. VHS ikashinda, sanasana juu kanda yake ilibeba saa nyingi. Hollywood ikakimbia kortini, lakini 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, majaji 5 kwa 4, kwamba kurekodi kipindi nyumbani ndio ukicheki baadaye si wizi.

Hapa Kenya TV ilianza 1962, na deki ya VHS ilikuwa ya wenye nazo. Kama buda yako alirekodi Gor Mahia ikibeba kombe la Afrika 1987 dhidi ya Esperance ya Tunisia, usitupe hiyo kanda. Hiyo ni dhahabu.

1999 TiVo na ReplayTV zikatoa kanda, zikaweka hadi diski. Boksi inaandika data kwa diski bila kusimama, ndio maana unaweza kusimamisha mechi ikiwa live, uende msalani, urudi uendelee. Huku kwetu raha hiyo ilikuja na dekoda za kulipia kama DStv Explora ya 2013. Si kila keja ingeweza.

Kwa watu wa Otonglo, pale barabara ya Kisumu kwenda Busia, mambo yalibadilika na dijitali ya 2015. Citizen, NTV na KTN zilikuwa giza karibu wiki tatu kuanzia Februari zikivutana na serikali, lakini dekoda za bure zilipozoeleka, nyingi zilikuwa na tundu la USB. Chomeka flashi, finya REC, umemaliza. Saa moja inakula kama GB 1 au 2. Flashi ya FAT32 haikubali faili inayozidi GB 4, so mechi ndefu inaweza kukatwa vipande. Stima ikipotea katikati, faili inaweza kuharibika. Na dekoda zingine hufunga rekodi, ukipeleka kwa laptop inakataa.

Lakini dekoda hurekodi tu kile kiko hewani. Januari 30, 2018, Raila akila kiapo Uhuru Park, serikali ilizima Citizen, NTV na KTN. Hata ungekuwa na diski kubwa namna gani, hakukuwa na kitu ya kurekodi. Wasee wa Kisumu walifuata kwa simu, YouTube na Facebook, bando ikiisha ukiona. Korti iliagiza stesheni zirudishwe. NTV na KTN zikarudi Februari 5, Citizen Februari 8.

Kama uko na clip za siku hiyo kwa simu ya zamani, zihamishe kabla haijadedi.