Kurudi kwa Mawimbi ya Milimita

Mnamo mwaka wa 1895, mjini Calcutta, Uhindi, mwanafizikia Jagadish Chandra Bose aliwaonyesha watu jambo la ajabu: bila waya wowote, kengele ililia na baruti ikalipuka. Mawimbi aliyoyachunguza yalikuwa mafupi mno. Mengine yalikuwa na urefu wa milimita 5 tu, yaani masafa ya gigahezi 60. Lakini walimwengu walitaka ishara iendayo mbali. Marconi alipovusha ishara juu ya Atlantiki mwaka wa 1901, alitumia mawimbi marefu, na yale ya Bose yakabaki maabarani.

Kasoro yake ilikuwa dhahiri. Kuta huyazuia, na oksijeni ya hewani huyameza, hata katika kilomita 1 yenyewe peke yake huacha takriban sehemu 3 kwa 100 za nguvu yake.

Simu za mkononi zilipoenea, hesabu iligeuka. Miji ilihitaji vituo vidogo vingi, juu ya nguzo za taa na kuta za nyumba, na kila kimoja sharti kiunganishwe na mtandao mkuu. Kuchimbua barabara ili kulaza nyaya ni ghali. Marekani ilikwisha kuruhusu, mwaka wa 1995, gigahezi 59 hadi 64 zitumiwe bila leseni. Wimbi lifialo karibu halimsumbui jirani. Masafa yaleyale hutumika tena mtaa wa pili.

Hivyo basi, udhaifu ulioyafukuza mawimbi hayo ndio ulioyarudisha.