Walioanguka Tarehe 30 Juni

Mwaka wa 2009 nyumba ya nyanya yangu pale Ekerenyo ilikuwa na redio moja, na redio hiyo haikuzimwa mpaka betri zife zenyewe. Asubuhi moja mwanzoni mwa Julai, tukijiandaa kwenda kuchuma chai, mtangazaji akasema kuna ndege imeanguka baharini karibu na Komoro. Watu 153 walikuwa ndani, na aliyeokolewa ni msichana mmoja tu. Magokoro, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kigusii, akaacha kufunga kikapu chake mgongoni. Hakuuliza ndege ilikuwa ya nani wala ilitoka wapi. Aliuliza, "Na huyo mtoto, mama yake yuko wapi?"

Msichana huyo ni Bahia Bakari. Alikuwa na umri wa miaka 12, mzaliwa wa Ufaransa, wa wazazi kutoka Komoro. Alikuwa anasafiri na mama yake kwenda likizo Ngazidja, kisiwa ambacho lugha yake ni ndugu wa karibu wa Kiswahili hiki ninachoandika. Kutoka Paris walipitia Marseille, wakabadilisha ndege mjini Sanaa, wakapanda Airbus A310 ya shirika la Yemenia kuelekea Moroni. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Juni, ndege ikiwa karibu kutua, ilipoteza mwendo unaoiweka hewani ikatumbukia Bahari ya Hindi. Wachunguzi walisema baadaye kwamba ndege yenyewe haikuwa na hitilafu; marubani ndio walioiongoza vibaya.

Bahia alijikuta majini gizani. Hakuwa na jaketi la kuokolea maisha, na kuogelea alikuwa hajui vizuri. Alishikilia kipande cha ndege, akakaa hivyo zaidi ya saa 9, mpaka meli iliyotumwa kutafuta watu ikamwona. Mtulinga na nyonga vilikuwa vimevunjika, na alikuwa ameungua magotini. Lakini jambo ambalo sijaweza kulisahau katika masimulizi yake ni hili: alidhani ni yeye peke yake aliyeanguka. Alifikiri ameegemea dirisha kwa nguvu mno likamtoa nje, na kwamba mama yake ameshafika salama na anamsubiri kwa ukali. Ni hospitalini ndipo alipoambiwa ukweli.

Basi swali la Magokoro lilikuwa na jibu, ingawa redio haikulitoa siku ile.

Miaka 10 ikapita, siku kwa siku. Tarehe 30 Juni 2019, Jumapili alasiri, ndege ya Kenya Airways kutoka Nairobi ilikuwa inashusha magurudumu ili itue Heathrow, London. Kutoka kwenye nafasi ya magurudumu ukaanguka mwili wa mwanamume. Uliangukia bustani ya nyumba moja mtaa wa Clapham, karibu kabisa na mtu aliyekuwa ameota jua. Polisi walipokagua nafasi ile ya magurudumu walikuta begi, maji na chakula kidogo. Mtu aliyepanga kufa habebi chakula. Yule alikuwa amefunga safari.

Huyu hakunusurika, na labda alikuwa amekwisha kufa kabla hajaanguka. Ndege inaporuka kilomita 10 au 11 juu, nje ni baridi ya nyuzi 50 chini ya sifuri au zaidi, na hewa ni nyepesi kiasi kwamba mtu hupoteza fahamu katika muda mfupi. Safari ya Nairobi hadi London ni zaidi ya saa 8. Wengi wanaojaribu njia hiyo hufa. Lakini si wote, na hapo ndipo balaa lilipo, kwa sababu wanaopona ndio tunaowasikia. Februari 2021 kijana wa Kenya wa miaka 16 alikutwa hai Maastricht, Uholanzi, kwenye magurudumu ya ndege ya mizigo iliyotoka London. Januari 2022 mwingine, wa miaka 22, akakutwa hai uwanja wa Schiphol, ndege ikiwa imetoka Johannesburg na kupitia Nairobi. Habari hizo zilisomwa huku kwetu kama vichekesho. Ati Mkenya haogopi. Ni kama yule kijana wa Bungoma aliyening'inia kwenye helikopta Mei 2016, siku ilipobeba mwili wa mfanyabiashara Jacob Juma. Alipaa nayo mikono mitupu, akaanguka ilipoteremka karibu na ardhi kwenye uwanja mdogo wa ndege, akapona na majeraha. Wiki nzima simu zetu zilijaa picha zake, akiitwa James Bond. Sijui tungemwita nani kama angeachia dakika moja mapema.

Tuingie sasa kwenye hesabu, maana watu hupenda kusema muujiza ili wasihesabu.

Mtu anayeanguka hewani haendelei kuongeza kasi milele. Hewa humzuia. Baada ya sekunde kama 12 kasi yake hufika karibu kilomita 200 kwa saa na kubaki hapo. Kwa hiyo anayeanguka kutoka mita 600 na anayeanguka kutoka mita 6,000 wanagonga chini kwa kasi inayokaribiana. Urefu ukishapita kiwango hicho, kinachoamua ni namna unavyosimamishwa. Ukisimamishwa ghafla na saruji, mwili wote unabeba kishindo mara moja. Ukisimamishwa polepole, na matawi, kisha theluji, kisha udongo laini, kishindo kinagawanyika.

Ndivyo alivyopona Nicholas Alkemade, mwanajeshi wa anga wa Uingereza, Machi 1944. Ndege yake ilikuwa inawaka moto juu ya Ujerumani na parachuti yake imeungua. Aliruka bila parachuti kutoka mita 5,500, akapita kwenye matawi ya misonobari, akatua kwenye theluji, akainuka na mguu ulioteguka. Juliane Koepcke, msichana wa miaka 17, alianguka kama mita 3,000 juu ya msitu wa Peru mkesha wa Krismasi 1971, akiwa bado amefungwa mkanda kwenye kiti. Alitembea msituni siku 11 hadi alipopata watu. Vesna Vulović, mhudumu wa ndege wa Yugoslavia, alianguka na kipande cha ndege kutoka mita 10,160 tarehe 26 Januari 1972, kikatua kwenye mteremko wenye miti na theluji huko Chekoslovakia. Hakuna anayejulikana kuanguka kutoka juu zaidi yake bila parachuti akaishi.

Lakini soma upande wa pili wa majina hayo. Kwenye ndege ya Juliane walikufa watu 91, mama yake akiwa mmoja wao. Kwenye ya Vesna walikufa 27. Kwenye ya Bahia, 152. Vesna alikataa mpaka uzeeni kuitwa mwenye bahati. Zamani nilidhani ni unyenyekevu. Siku hizi nadhani alikuwa amechoka kuambiwa hivyo mbele ya wenye makaburi.

Nasema hivi kwa sababu sisi nyumbani tuliwahi kulikosea jambo hili.

Baba yangu mdogo alikuwa mkata miti. Mwaka mmoja, nikiwa bado shule ya msingi, alipanda mkaratusi wa jirani kukata matawi, tawi alilokanyaga likavunjika, akaanguka futi 30 hivi. Ukipiga hesabu, mtu wa futi 30 hugonga chini kwa kasi ya karibu kilomita 48 kwa saa, yaani kama amegongwa na gari. Chini kulikuwa na nepia, na chini ya nepia shamba lililolimwa siku mbili nyuma, udongo bado umefura kwa mvua. Alivunjika mkono na mbavu mbili. Udongo ule uliacha shimo ambalo sisi watoto tulienda kuliangalia kama watalii.

Mwezi huohuo, mlima wa pili, fundi mmoja aliteleza kwenye paa la nyumba aliyokuwa anaezeka. Paa lenyewe halikuwa refu kama ule mti. Chini kulikuwa na mawe ya kujengea yaliyopangwa vizuri. Hakufika hospitalini.

Baba mdogo alipotoka hospitali tulifanya maombi ya shukrani. Kuku wakachinjwa, chai ya maziwa, viti vya kuazima. Mjane wa fundi alikuja pia, kwa sababu kwetu mtu haachi kuja. Mhubiri akasimama, akasema Mungu huwadaka walio wake kabla hawajafika chini. Watu wakaitika amina. Nilikuwa nimeketi karibu na Magokoro, nikamwona anamtazama yule mama. Yule mama alikuwa anaangalia kikombe chake.

Jioni, wageni wakiwa wameondoka, Magokoro alimwita mwanawe. Alimwambia, "Hukudakwa. Ulilimiwa. Kuna mtu aliyelima pale." Kisha akamwambia mkono ukipona, aende akamlimie yule mama.

Sijui kama aliwahi kusikia neno fizikia. Lakini aliondoa hukumu kwenye kifo cha yule fundi kwa sentensi tatu. Kama aliyepona amedakwa na Mungu kwa sababu ni wake, basi aliyekufa ameachiwa. Kama aliyepona ameangukia udongo laini, basi aliyekufa hana kosa, na mke wake hana cha kujieleza.

Hilo ndilo ninalolitafuta kila ninaposoma habari za walioanguka: je, waliokufa wamepewa nafasi yao? Kwa abiria wa Yemenia, ilichukua miaka 13. Septemba 2022 mahakama ya Paris ililipata shirika hilo na hatia ya kuua bila kukusudia, likatozwa faini ya yuro 225,000. Bahia, sasa mtu mzima, alikuwa ametoa ushahidi wake mbele ya jamaa za wale 152. Wa Clapham hakupata hata jina. Polisi walichora sura yake, chombo kimoja cha habari cha Uingereza kikataja jina la mtu kisha kikaomba radhi kwa kukosea, na Februari 2020 akazikwa London. Mahali fulani kuna mama ambaye huenda bado anadhani mwanawe yuko kazini Nairobi, amebadilisha namba ya simu tu. Magokoro angeuliza juu yake kwanza.

Baba mdogo hapandi miti tena. Lakini kila msimu wa kupanda, mvua ya kwanza ikishuka, huchukua jembe na kuvuka mto kwenda mlima wa pili. Watoto wa yule fundi sasa ni watu wazima na wangeweza kulima wenyewe. Hakuna anayemwambia aache.